Majani Aliyokula Ng'ombe

Mwanangu Haika,

Salamu nazipita. Kesho asubuhi utanipa shikamoo yako, nami nitaiitikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kufunika chakula na ya kutomjibu mama mkwe wako ukiwa na njaa nayapita pia, maana mama yako na shangazi zako wamekujaza hayo masikioni tangu juzi, na nikiongeza ya kwangu utakimbia kabla gari la harusi halijaja. Nimekaa hapa barazani, jua linaelekea upande wa Machame, wewe uko ndani unasukwa na unalalamika kwamba wanakuvuta nywele. Nimepata nafasi ya kuandika.

Naandika kwa sababu ya swali lako. Umeniuliza zaidi ya mara moja: siku ile ulipotoka zahanati kule Simanjiro, ukanikuta nyumbani kwa akina Lemayani nimekaa na Mzee Saning'o tunacheka mpaka machozi, tulikuwa tunacheka nini? Ulikuwa hujaongea nami tangu kabla ya Krismasi. Hukujua hata kwamba nimepanda gari kuja huko. Ulisimama mlangoni na sare yako ya uuguzi, ukamtazama mchumba wako, ukamtazama huyo baba yake mdogo aliyemlea, ukanitazama mimi, na hakuna aliyekuambia kitu. Kila ulipouliza baadaye nilikugeuzia maneno. Mzee Saning'o naye alikujibu, "Hiyo ni ya baba yako, atakwambia mwenyewe akiwa tayari." Haya mama, niko tayari, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Nianze na yule uliyebeba jina lake, mama yangu mzazi, bibi yako Haika. Alikuwa mtu wa sala na sikumbuki kama aliwahi kumtukana mtu. Lakini tulipokuwa wadogo tukikataa kulala, alikuwa na dawa moja tu: "Nyamazeni, Mmasai yuko mgombani." Tulinyamaza mpaka tukasahau kupumua. Yeye alipewa dawa hiyo na mama yake, na mama yake alikuwa na sababu, kwa kuwa enzi za wazee wao watu waliibiana ng'ombe na huku mlimani walichimba mahandaki ya kujificha. Mimi sijawahi kuibiwa hata kuku na Mmasai. Nilirithi woga kama mtu anavyorithi koti la babu, nikalivaa bila kuuliza hiyo baridi iko wapi.

Shuleni, mtoto akija na miguu michafu mwalimu alimwuliza, "Unataka kwenda kuchunga na Wamasai?" Darasa zima lilicheka, nami nilicheka, na hapakuwa na Mmasai hata mmoja darasani wa kusema lake. Nilipokua nilikuta kicheko hicho hicho kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye redio, hata kwenye mkutano wa ukoo. Tuna hata neno letu la Kichaga kwa mtu asiye wa mlimani, chasaka, yaani mtu wa porini, na tunalisema kwa upole kama vile ni jina lake la ubatizo. Hakuna mtoto anayezaliwa anamcheka mtu. Mimi nilifundishwa taratibu, na waliokuwa wakinifundisha walinipenda, ndiyo maana sikudhani kuna ubaya.

Watu wengi hupenda kuishia hapo, mwanangu. Jamii ilinifundisha, basi. Nami niliishia hapo miaka mingi, maana ni mahali penye kivuli kizuri. Lakini bibi yako alifariki nikiwa kijana, na yule mwalimu alistaafu zamani. Sasa huyo aliyekuwa akinifungua mdomo nikiwa tayari nina mvi alikuwa nani?

Unaijua sifa ya baba yako. Kutoka hapa kwetu Old Moshi mpaka Kiboriloni, mpaka Shirimatunda, harusi isiyo na mimi ilionekana imepungua chumvi. Nilikuwa na Mmasai na lifti, Mmasai na simu, Mmasai aliyekwenda benki. Niliigiza sauti, niliigiza fimbo, nilisimama kwa mguu mmoja. Watu walidondoka kwenye viti. Baada ya hapo kata ya mbege ilinifikia mapema, mara tu wazee walipokwisha kunywa, na kwa mtu wa hali yangu, mwenye migomba michache na ng'ombe mmoja, hiyo haikuwa heshima ndogo.

Kuna siku ambayo labda umeisahau. Ulikuwa hujaanza shule. Tulishuka Kiboriloni siku ya soko, mama yako akiwa na ndizi zake, mimi nimekushika mkono. Mbele ya maduka palikuwa na mlinzi Mmasai, mtu mzima, amekaa juu ya kreti. Ukaniponyoka, ukaenda kusimama mbele yake, ukaokota kijiti, ukainua mguu mmoja na kuanza kusema kwa sauti yangu. Maneno yangu yote yalikuwemo, hukuacha hata moja. Wenye maduka walikufa kwa kucheka. Mimi nikavimba kichwa, mtoto wa fundi wa vichekesho huyo! Yule mlinzi alinyanyuka, akaligeuza kreti lake, akakaa akitazama ukuta. Nilimwona, Haika. Sitaki kukudanganya kwamba sikumwona. Nilimwona, kisha nikaenda kukununulia soda.

Kwa hiyo nikisema jamii ilinifundisha, wewe una haki ya kuniuliza jamii yako wewe ilikuwa nani. Ilikuwa ni mimi na ile soda.

Ungedhani mtu aliyeonja angejua. Mimi nilionja. Kabla hujazaliwa nilikuwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi, nawabebea wageni mizigo mlimani. Jioni moja kambini niliingia na chupa ya chai kwenye hema la kulia chakula, nikamkuta mgeni mmoja amesimama mbele ya wenzake anaigiza Kiingereza changu na jinsi ninavyotembea na mzigo kichwani. Aliniiga vizuri, siwezi kukataa. Wenzake waliniona, wakacheka zaidi, nami nikacheka nao huku nimeikumbatia chupa. Nilitoka nikakaa nyuma ya jiwe, uso unaniwaka. Mpaka leo namchukia mtu yule na wala sijui jina lake. Lakini niliposhuka, nilikwenda harusi ya binamu yangu, nikasimama mbele ya watu na kuwaigiza Wamasai, na wala sikuona kwamba nimesimama pale pale aliposimama yeye. Nilikuwa nadhani mtu akidharauliwa anapata akili. Hapana. Asipokaa akajiuliza, anatoka hapo na hamu ya kumtafuta wa kumpokeza dharau hiyo.

Wewe sijui uliacha lini. Hilo nalifikiria sana siku hizi. Siku moja ulirudi likizo kutoka sekondari, nikaigiza Mmasai tukiwa mezani, mama yako akacheka, na wewe ukaendelea kula kiburu chako cha ndizi na maharage kama hujasikia. Nilidhani una homa. Hakuna aliyekukataza ile sauti, si mimi, si kanisa, si mwalimu. Ulilelewa nyumba hii hii, ukanywa soda ile ile, na bado ulikaa mwenyewe ukaamua kwamba hiki sikitaki. Ndiyo maana siwezi tena kujificha nyuma ya marehemu mama yangu. Nimelea mtoto aliyeweza.

Kisha ukapangiwa kazi Simanjiro, ukampata Lemayani, afisa mifugo, ukaniambia kwa simu kwamba wazee wake watakuja kupiga hodi. Sikukataa. Nilisema, "Waje." Mama yako alinitazama akasema, "Baba Haika, siku hiyo mdomo wako uufunge kwa kamba ya mgomba." Nikacheka.

Siku ya posa unaijua, lakini unaijua kutokea jikoni. Mimi nilikuwa uani, karibu na banda, na ndugu zangu wa ukoo. Wageni walipanda kwa miguu kutoka barabarani, Mzee Saning'o yuko mbele na shuka lake lililopigwa pasi, mkononi ameshika konzi ya majani mabichi mbele ya kifua. Sasa, mtu wa huku kwetu akiona majani anaona kitu kimoja tu. Ng'ombe wetu hawatoki bandani. Sisi ndio tunaowafuatia majani, wanawake wanayapandisha vichwani kutoka tambarare, na wakati wa kiangazi jirani ananuniana na jirani kwa ajili ya mzigo mmoja. Nikapiga makofi, nikasema kwa sauti yangu ya harusini, "Jamani, Mmasai ni Mmasai! Hata posa anaianza na chakula cha ng'ombe!" Uwanja mzima ukalipuka. Nikamwendea, nikayachukua majani mkononi mwake, nikamshukuru kwa Kichaga, "Aika mbe, aika," nikayatupa horini. Ng'ombe akala. Mzee Saning'o alisimama akimtazama mpaka akamaliza. Kisha akaingia, akanywa chai, akaongea machache kwa adabu, na wakaondoka kabla nyama haijaiva.

Jioni hiyo ulinifuata barazani. Maneno yako nayakumbuka yote.

"Baba, umemdhalilisha mtu aliyekuja kwako kwa heri."

"Ni utani tu, mama. Mbona wao wenyewe wanajua."

"Utani na nani? Mpare anakutania, na wewe unamtania, mnaumizana mnacheka, na siku ya msiba anakuja kukuzikia. Hao Wamasai wamekutania lini? Wewe unawasema wakiwa hawapo. Leo wamekuwepo, na bado hukuwapa zamu."

Mimi nikibanwa huwa napandisha sauti. Nilikuambia kwamba sitafundishwa kuongea nyumbani kwangu. Nawe ukasema, taratibu, kwamba ukizaa na Lemayani hutamleta mtoto wako kwenye baraza hili aje afundishwe kumcheka baba yake. Nikakujibu, "Basi usimlete." Ulichukua begi lako, ukaenda kulala Pasua kwa rafiki yako, na kesho yake ukarudi kazini.

Miezi ile sitaki kuirudia, nyumba ilikuwa kama imekatwa umeme. Ulipopiga simu ulimpigia mama yako, naye, kwa ujanja wake, aliweka sauti kubwa na kuisogeza simu karibu na kiti changu. Nilisikia habari za zahanati, nilisikia una mafua, nilisikia hukuniuliza. Nilijifanya nasoma gazeti la zamani. Niliogopa, mwanangu. Niliona kabisa kwamba nitazeeka hapa nikiwa babu wa mtoto nisiyemjua sura.

Aliyeniamsha ni mama yako. Tulikuwa bandani, mimi nakatakata migomba, yeye anakamua. Akaniambia bila kugeuka, "Baba Haika, unajua yale majani yalikuwa nini?"

"Majani yalikuwa majani."

"Haika ameniambia. Kwao mtu akichuma majani akayashika mkononi, anasema nimekuja kwa amani, sina neno baya moyoni. Ni kama isale letu."

Niliweka panga chini. Wewe isale unalijua kama jani la mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, lakini hukuwepo enzi za baba yangu. Kulikuwa na jirani aliyesogeza mpaka wetu, wakakosana na baba mpaka wakawa hawazikani. Siku moja alikuja na jani la isale amelishika kwa mikono miwili. Baba alikuwa anatetemeka kwa hasira, lakini alilipokea, kwa sababu isale halikataliwi, hata aliyelileta awe amekuchomea nyumba. Wakaketi, wakanywa, yakaisha. Nilikuwa mtoto na nililiona hilo kwa macho yangu. Fikiri mtu angelinyakua jani lile mkononi mwa jirani yule na kumpa mbuzi. Pangemwagika damu. Mimi, mtoto wa nyumba ya isale, ndiye niliyechukua amani ya mtu na kumlisha ng'ombe, tena kwa shangwe.

Siku za mwanzo nilijitetea. Sikujua, nilisema. Na kweli sikujua. Ila kila nilipolisema neno hilo nilimwona yule mlinzi wa Kiboriloni. Nimepita mbele ya watu kama yeye maisha yangu yote. Nilijua kuigiza kikohozi chake, na sikuwahi kumwuliza hata kwao ni wapi. Mtu aliyekuwa na nafasi kama hiyo ya kuuliza, akaitumia yote kucheka, hana haki ya kusema hakujua. Ujinga wangu niliulima mwenyewe na kuupalilia.

Basi nikachuma isale pale mpakani, nikalifunga kwenye jani la mgomba lisinyauke, nikampigia Lemayani. Nilitegemea ubaridi. Akasema, "Karibu baba." Nilikaa chini baada ya kukata simu.

Hapa ndipo penye jibu lako. Nilifika kwao mchana. Walikuwepo Mzee Saning'o, mama yake Lemayani, Lemayani mwenyewe, na yule mjukuu wao mdogo wa kike anayependa kukaa chini ya meza. Nilipewa chai ya maziwa. Nikasimama, nikalishika isale kwa mikono miwili kama nilivyomwona yule jirani, nikasema, "Mzee mwenzangu, huku kwetu aliyekosa anakuja na hili. Nimekuja kwa ajili ya yale majani."

Mzee Saning'o hakulipokea. Alisema, "Kaa kwanza. Nasikia wewe una vichekesho vyetu. Vijana wa hapa walinionyesha kwenye simu, uko harusini, watu wanacheka sana. Tupe kimoja."

"Mzee, mimi nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia. Tupe kimoja. Hatujawahi kukisikia tukiwa tumekaa na wewe."

Haika, hakuna baridi ya mlimani iliyowahi kunishika kama ile. Nilivitafuta vichekesho vyangu. Kile cha lifti kilitaka Mmasai awe mjinga, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekwisha kunisoma tangu mlangoni. Kile cha simu kilitaka lafudhi, na Kiswahili cha mzee yule kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi chenye Kichaga tele ndani. Kila nilichokigusa kilitaka watu wale wasiwepo. Na yule mtoto, aliposikia neno kichekesho, alitoka chini ya meza, akaja kukaa mbele ya miguu yangu, akanikodolea macho, mdomo tayari umeanza kutabasamu. Alikuwa anasubiri kucheka. Nikamwona wa kwako, huyo utakayemzaa. Nikaona nitakuwa babu wa mtoto huyo, na nitamchekesha kwa kumvunja baba yake vipande vipande, naye atacheka, maana watoto wanaamini wakubwa.

"Sina," nikasema.

"Huna hata kimoja?"

"Ninavyo vingi, mzee. Hakuna kinachosemeka hapa."

Mama yake Lemayani aliinamisha kichwa. Nilijua nimekwisha, na kwamba nitarudi na jani langu kama nilivyokuja. Kisha Mzee Saning'o akajiegemeza, akasema, "Basi acha mimi nikupe. Kulikuwa na Mchaga mmoja, aliletewa amani nyumbani kwake. Akaipokea, akaigeuza huku na huku, akapiga hesabu. Akasema, hii itatoa maziwa lita mbili. Akampa ng'ombe."

Kiliniuma, usidhani hakikuniuma. Kilinigusa pale pale wanapotugusa watu wote, kwamba Mchaga anauza hata marehemu. Nilisikia masikio yanapata moto. Halafu nikajiona nimesimama horini nasema "aika, aika", na kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu. Lemayani akashindwa kujizuia, mama yake akajifunika kanga, na mzee mwenyewe akaanza kukohoa kwa kucheka. Tukashikana mabega. Hapo ndipo akalichukua isale mkononi mwangu, kwa mikono miwili, akasema, "Hili ng'ombe halili," na tukaanza kucheka upya. Ndipo ukatokea mlangoni.

Hicho ndicho tulichokuwa tunacheka. Nilikuwa nimepewa zamu yangu, kama ulivyosema wewe barazani. Nilikwenda huko nikiwa nimebeba gunia la mawe na nikarudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo nalala vizuri. Mama yako anasema hata kukoroma kumebadilika.

Sasa kuna jambo la juzi. Kwenye sendofu yako, mshereheshaji alinipa kipaza sauti akapiga kelele, "Mzee wetu, tupe kile cha Mmasai na lifti!" Ukumbi mzima ukashangilia, wakiwemo wajomba zako, na meza ya wageni kutoka Simanjiro iko pale mbele. Nilisimama muda mrefu nimekishika kipaza sauti. Kisha nikasema, "Karibuni chakula," nikakaa. Ulimtuma msimamizi wako aniletee maji, ukidhani ni presha. Haikuwa presha, mama. Kile kichekesho kilikuwa kimekuja. Ulimi ulikuwa umekwisha kujipinda kwa ile lafudhi, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeanza kuinuka sakafuni. Nilikimeza kwa nguvu, kikashuka kama kidonge kisicho na maji.

Kwa hiyo usiende huko ukawaambia watu kwamba baba yako amepona. Sijapona. Kitu nilichopewa nikiwa kitandani mwa mama yangu na kukilisha mwenyewe kwa miaka yote hiyo hakitoki kwa safari moja. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nakisikia baada ya watu kucheka, na sasa nakisikia kikija. Katika nafasi hiyo ndogo naweza kuchagua, na hakuna wa kunichagulia. Nina furaha isiyo ya kawaida kwa nafasi hiyo ndogo. Wajomba zako wamenuna kidogo, wanasema sherehe ilipooza. Watazoea, na wasipozoea nitawaeleza tena.

Nawe usijione umevuka. Huko unakokwenda nako kuna watu wa kuchekwa, kuna maneno yao ya kuwaita wengine, na siku utakapopendwa sana kule utakaribishwa ucheke nao. Watakaokukaribisha watakuwa watu wazuri. Mimi sitakuwepo kukuambia, wala sina haki hiyo. Utajua mwenyewe.

Nakuomba jambo moja tu. Usiku ule wa ugomvi ulisema hutamleta mtoto wako hapa, nami nikasema usimlete. Neno langu nimelirudisha. Lako sikuombi ulirudishe kwa sababu mimi ni baba yako. Mlete ukiona inafaa. Mara ya kwanza kaa naye hapa hapa barazani, unisikilize ninavyoongea naye. Ukisikia neno baya, lisimamishe mbele yake, hata kama wageni wamejaa uani, na mimi nitanyamaza. Njoo tena mara ya pili, na ya tatu, usinihurumie. Halafu kutakuja siku moja utamweka mapajani mwangu, uende zako jikoni kwa mama yako mkaongee yenu, na usitegeshe sikio.

Baba yako anayekupenda, na anayekusubiri.